Mrejesho: vikapu vyangu vilivyokosa nafasi ghalani

Wakuu, ni yule wa Iringa niliyewalilia kwamba ghala la soko la mtandaoni kule Dar limenipunguzia nafasi, vikapu vyangu vya milulu (yale majani ya kusukia) vikakwama. Dada aliyesema nivipachike kimoja ndani ya kingine, Mungu akubariki! Kumbe wanapima ujazo, si idadi. Palipokaa vikapu 20 sasa vinakaa 45, ila vitatu vilipinda masikio njiani. Mikeka iliyolala tangu Januari niliishusha bei ikaisha, kwa hasara kidogo, sikatai. Kuomba waniongezee nafasi ndiko kuligonga mwamba: naambiwa nisubiri mauzo yapande. Kwa sasa natuma mzigo mdogo kwa basi kila Jumatatu, mwingine unabaki stoo nyumbani. Asanteni sana.