Jina halipo, tunaletewa matangazo, kisha tunaambiwa ni huduma!

Ndugu wanajukwaa,

Yule msimamizi wa kikoa cha nchi (kiishio cha anwani za intaneti cha nchi nzima) ambaye nyote mnamfahamu ameweka rekodi ya nyota (*) kileleni mwa kikoa chake, yaani kila jina ambalo halijasajiliwa humo sasa linajibiwa kwa kupelekwa kwenye seva yake. Leo nimeandika "qxzvwt" pamoja na kiishio chake, herufi ambazo hata paka akilala juu ya kibodi hazipangi hivyo, nikaletewa matangazo ya viatu na mikopo. Nilipomwandikia kwamba jibu sahihi ni "jina halipo", akanijibu: "Hilo si kosa, ni huduma kwako."

Huduma kwangu! Seva yangu ya barua pepe huzuia barua taka kwa kuuliza kwanza kama kikoa cha mtumaji kipo. Sasa kila jina linalotungwa na matapeli "lipo", na sanduku limefurika kiasi cha kutosha kuzamisha meli. Barua iliyokosewa herufi moja kwenye anwani ilikuwa ikirudi papo hapo, lakini sasa inakaa kwenye foleni siku kadhaa ikibisha hodi kwa seva isiyopokea barua. Halafu ni huduma kwangu!

Anayetaka nyota aiweke ndani ya kikoa chake binafsi, ambako majina yote ni yake. Kileleni amekabidhiwa daftari la watu wote, na jina ambalo halijasajiliwa si mali yake ya kutangazia biashara. VeriSign, kampuni inayosimamia .com na .net, ilifanya hayo hayo humo tarehe 15 Septemba 2003, ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, ikaibana hadi ikaacha mwanzoni mwa Oktoba. Mikataba ya ICANN ya vikoa vipya inakataza jambo hili, ila haivibani vikoa vya nchi, na huyu anajificha humo.

Zamu_ya_Usiku: Nakuunga mkono. Mwaka 2003 watengenezaji wa BIND, programu ya seva za DNS (mfumo unaotafuta anwani za majina ya intaneti), walilazimika kutoa kiraka ili seva zetu ziyakatae majibu ya aina hiyo.

Kivuli: Mkuu, nani alikutuma uandike qxzvwt? Umekwenda kutafuta ugomvi, umeupata, sasa unatulilia sisi.

Mleta uzi: Nilikuwa napima. Kilichonichoma ni jibu: "ni huduma kwako."

Mzizi: Afadhali wako. Mtoa huduma wangu wa intaneti hubadilisha jibu la "jina halipo" hata pale msimamizi wa kikoa alipojibu ukweli, na DNSSEC (sahihi za kuthibitisha majibu ya DNS) hainisaidii kwa sababu kompyuta yangu haikagui sahihi, inaiamini seva yake tu.

Zamu_ya_Usiku: Wangu ni huyo huyo! Nilihamia seva nyingine ya DNS, akaanza kuyanasa maswali yangu njiani kwenye poti 53, mlango yanakopitia maswali ya DNS.

Kivuli: Hamjakutana na msajili wangu, kampuni niliyosajilia kikoa changu. Kikoa kilipoisha muda alikijaza matangazo, kisha akanidai ada ya kukikomboa inayozidi bei ya kukisajili upya mara kadhaa.

Mzizi: Ni yule anayeficha namba ya siri ya kuhamisha kikoa? Nami ananizungusha tangu wiki iliyopita!