Ulinganisho: epoksi nyepesi, epoksi nzito au yurethani ya kupaka juu ya uzi wa fimbo ya kuvulia?

MshipiMrefu aliandika:

Mafundi, naomba ushauri wenu kabla sijafungua chupa. Nimemaliza kufunga uzi kwenye fito mbili, yaani vijiti vitupu vya fimbo. Wa kwanza ni mwepesi, wa mita 2.1, una pete tisa za kupitishia mshipi, za mguu mmoja, zilizofungwa kwa nailoni ya saizi A, uzi mwembamba. Wa pili ni mnene na mgumu, wa kuvulia baharini, una pete za miguu miwili, uzi wa chini na uzi wa juu, wote wa saizi D, ambao ni mnene zaidi.

Ninachagua kati ya njia tatu: epoksi nyepesi, mfano Flex Coat Lite au ThreadMaster Lite, epoksi nzito ambayo kampuni hizo huiita High Build, na yurethani ya chupa moja kama Perma Gloss. Fimbo yangu ya mwanzo kabisa niliipaka epoksi nzito mara moja tu, nikapata uvimbe wenye umbo la yai kwenye kila pete, na mafungo mawili ya uzi yaliyo karibu na kipini yananata hadi leo, kiasi kwamba ukiyagusa yanabaki na alama ya kidole. Je, nilichagua epoksi isiyofaa, au kosa lilikuwa la mkono? Na je, aina moja inaweza kufaa fimbo zote mbili?

FundiPete alijibu:

Ndugu MshipiMrefu, umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja, nami ningependa tuyatenganishe, kwa sababu kunata hakuhusiani na unene wa epoksi uliyoichagua.

Epoksi ya kupaka uzi huchanganywa sehemu moja ya resini kwa sehemu moja ya kigumishi, au hadena kama wapaka rangi wanavyoiita. Vipimo hivyo ni vya ujazo wala si vya uzani. Resini ni nzito kuliko kigumishi, na anayepima kwa mizani atajikuta amezidisha kigumishi bila kujua. Ukichanganya mililita 1 kwa 1 na ukakosea kwa 0.1, umekosea kwa asilimia 10. Ukichanganya mililita 3 kwa 3 na ukakosea kiasi hicho hicho, kosa linashuka hadi kama asilimia 3, ambalo epoksi hulivumilia. Ndiyo maana sichanganyi chini ya mililita 3 za kila upande, hata ninapojua kwamba nusu yake nitaitupa.

Lakini kwa kuwa yananata mafungo mawili tu na mengine yamekomaa, nashuku jambo jingine. Resini inayobaki kwenye kuta na kona za kikombe mara nyingi haijakutana na kigumishi sawasawa. Je, mafungo ya karibu na kipini ndiyo uliyoyapaka mwisho, ukikwangua kikombe kwa brashi ili epoksi isipotee? Kama ndivyo, jibu umelipata. Koroga polepole kwa dakika 2 au 3, ukipitisha kijiti kwenye kuta na chini, kisha mimina mchanganyiko juu ya karatasi ya alumini, uuache utandae, na usikwangue kilichobaki ndani ya kikombe. Kutandaza kuna faida nyingine pia. Epoksi iliyorundikana hujipasha moto yenyewe na joto hilo huiharakisha kuganda; ikitandaa, joto linatoka, viputo vinapanda na kupasuka vyenyewe, nawe unapata muda mrefu zaidi wa kupaka.

Sasa kuhusu nyepesi na nzito. Watu husifu epoksi nyepesi kwa sababu haiongezi uzani karibu na ncha, na ni kweli kwamba ufito mwembamba uliobebeshwa epoksi nyingi kwenye pete za mwisho huchelewa kutulia baada ya kurusha. Mimi naisifu kwa sababu inaingia. Tazama kwa makini pale uzi unapopanda kutoka kwenye ufito kwenda juu ya mguu wa pete: kuna mfereji mdogo kila upande wa mguu, wenye hewa ndani. Epoksi nzito hupita juu yake na kuufunika. Hewa inabaki humo, na saa moja baadaye inatoka ikiwa kiputo juu ya kazi uliyodhani imekwisha. Epoksi nyepesi hufyonzwa na uzi, ikauloanisha hadi kwenye ufito na kuujaza ule mfereji. Hilo si suala la urembo tu, kwa kuwa mfereji ulioachwa wazi ni njia ya maji ya chumvi kufika kwenye mguu wa pete.

Kwa hiyo mimi natumia nyepesi kwa fimbo zote, tabaka mbili kwa fimbo kama yako ya kwanza na tabaka tatu kwa ya baharini.

MzeeWaNgalawa alijibu:

FundiPete, kijana wangu, tabaka tatu ni siku tatu za kuogopa vumbi. Kila tabaka ni nafasi nyingine ya unywele wa brashi kunasa, mbu kutua, na mtoto kufungua mlango. Kwenye fimbo nyepesi nakubaliana nawe kabisa. Kwenye fimbo ya baharini yenye uzi wa saizi D wa tabaka mbili, mabonde yaliyo kati ya mzunguko na mzunguko ni mapana, na epoksi nyepesi itazama humo mara mbili kabla hujaona uso laini.

Ninachofanya mimi ni kuanza na nyepesi na kumalizia na nzito. Tabaka la kwanza nalipaka kwa ukarimu, nasubiri dakika 10 uzi unywe, kisha nafyonza kwa brashi kavu kila kilichobaki juu, hadi nyuzi zenyewe zionekane zimesimama. Siku inayofuata ndipo napaka nzito, mara moja, kiasi tu cha kusawazisha. Msipitishe siku nyingi kati ya tabaka na tabaka, kwani epoksi iliyokomaa kabisa haishikwi vizuri na nyingine mpaka uikwaruze kwa msasa laini.

Kuhusu ule uvimbe wa yai, ndugu MshipiMrefu, huo haukuletwa na chupa. Ulipaka mara moja kiasi cha mara mbili. Epoksi nyingi hujivuta kuelekea katikati ya fungo, na mzunguko wa mota inayozungusha fimbo epoksi ikiganda hausaidii kitu. Ukitaka kujua kama umezidisha, simamisha mota kidogo na utazame upande wa chini wa fungo. Baada ya muda utaona tumbo dogo linaning'inia. Liguse kwa ncha ya brashi kavu, litapanda kwenye brashi, uipanguse, urudie hadi tumbo lisionekane tena. Kazi hiyo haichukui dakika 5 kwa fimbo nzima, nami sijaona fundi anayeijua akalalamikia mayai.

NyuziNaRangi aliandika:

Naongezea mambo mawili ambayo kaka zangu wameyaruka.

La kwanza ni rangi ya uzi. Nailoni ya kawaida ikilowa epoksi hubadilika: buluu ya anga inakuwa kama buluu ya wino, nyeupe na manjano hafifu hupoteza rangi hadi mguu wa pete unaonekana chini yake, na hariri ndiyo hufifia kuliko zote. Epoksi nyepesi, kwa kuwa inaingia sana, hudhihirisha mabadiliko hayo bila huruma. Ukitaka rangi ibaki kama ilivyo kwenye kigurudumu, utapaka kwanza kihifadhi rangi, au utatumia uzi uliotengenezwa usihitaji kihifadhi. Hapo lakini unalipa gharama nyingine: kihifadhi huziba uzi, na uzi ulioziba hauruhusu epoksi kufika kwenye ufito. Kwa fimbo ya baharini sikitumii kabisa, naikubali rangi iliyokolea. Anayekitumia akiache kikauke siku nzima au zaidi, kwani unyevu uliobaki ndani yake utajitokeza baadaye kama ukungu mweupe chini ya epoksi.

La pili ni yurethani, ambayo imetajwa na kuachwa njiani. Yurethani ya chupa moja haina vipimo vya kukosea, maana hukomaa kwa kunyonya unyevu wa hewa. Huacha uso mwembamba na mgumu unaomfaa mtu anayetaka uzi uonekane kama uzi wala si kama kitu kilichozamishwa kwenye kioo. Haihitaji hata mota, kwa sababu kila tabaka ni jembamba kiasi kwamba halina cha kutiririka. Kasoro yake ni kwamba tabaka ni nyingi, harufu ni kali na inataka madirisha wazi, na chupa ikishafunguliwa huanza kuganda kwa unyevu ule ule unaoikomaza. Nimewahi kutupa chupa iliyokuwa na zaidi ya nusu, imekuwa kama mlenda. Tangu hapo nachota kwa sindano kupitia kizibo cha mpira, wala sifungui kifuniko.

Kwa fimbo yako nyepesi, yurethani ni chaguo la heshima kabisa. Kwa ile ya baharini, yenye miguu ya pete mirefu na mifereji mikubwa, singeitumia, kwa kuwa haina mwili wa kuijaza.

MshipiMrefu aliandika:

Nawashukuru. FundiPete, umenikamata: ni kweli nilianzia nchani nikamalizia kwenye kipini, na kikombe nilikikwangua hadi kikang'aa. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, nipashe epoksi moto ili iwe nyepesi zaidi? Na zile nukta zinazokuwa kama vishimo vya duara, ambapo epoksi inakwepa na kuuacha uzi wazi, zinatokana na nini?

FundiPete alijibu:

Kupasha moto kidogo kunafaa, hasa chumba kikiwa na baridi. Weka chupa mbili, zikiwa zimefungwa, kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache kabla ya kupima. Resini iliyoingia chengachenga kama sukari nayo hurudi kuwa angavu kwa njia hiyo hiyo. Kumbuka tu kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuganda hukaribia kuwa maradufu. Utapata epoksi laini na muda mfupi wa kuitumia. Chumba cha nyuzi 22 hadi 26 ndicho ninachokipenda. Moto wa taa ya spiriti upitishe kwa mbali na kwa haraka, uvipasue viputo bila kuichemsha epoksi, kwani ikichemka inazalisha viputo vyake yenyewe.

Vishimo vya duara ni uchafu wa mafuta au silikoni. Hutoka kwenye vidole, kwenye vitambaa vilivyowahi kugusa polishi, na mara nyingi kwenye bomba la sindano lenyewe, kwa sababu baadhi ya mabomba hupakwa silikoni ili mpira uteleze. Tafuta yasiyo na silikoni. Usichanganyie kwenye vikombe vya karatasi vyenye nta. Na vaa glavu za nitraili, ndugu yangu. Kuna watu ambao ngozi zao zilivumilia epoksi kwa miaka, kisha siku moja zikaikataa moja kwa moja.

MzeeWaNgalawa alijibu:

Mafungo yanayonata usiyakate bado. Yasafishe kwa spiriti, yaache yakauke, uyapake tabaka jembamba lililopimwa sawasawa. Kama ni kunata kwa juu tu, mara nyingi tabaka jipya hulifunika tatizo likaisha. Kama ukucha unazama ndani, hapo kata, kwa kuwa chini hapatakomaa kamwe.

MshipiMrefu aliandika:

Naleta mrejesho baada ya siku tisa.

Kabla ya kugusa fimbo zenyewe nilifunga uzi kwenye kipande cha ufito uliovunjika, mafungo sita, nikapaka nyepesi mawili, nzito mawili, na mawili nikayapaka kwa njia ya Mzee. Kisha niliyapasua kwa wembe kwa urefu, juu kabisa ya mguu wa pete. Chini ya epoksi nzito iliyopakwa peke yake nilikuta mfereji ukiwa mtupu kabisa upande mmoja, unang'aa kama bomba la kioo, na uzi wa chini ulikuwa mkavu. Kwenye mengine manne mfereji ulikuwa umejaa, isipokuwa kiputo kimoja kidogo kuliko mbegu ya mchicha.

Fimbo nyepesi nimeipaka nyepesi tabaka mbili. Dada NyuziNaRangi anisamehe, yurethani nimeiacha kwa sababu chumba changu kina dirisha moja tu. Ya baharini nimeifuata njia ya Mzee, na tumbo la chini nimelifyonza mara tatu kabla halijatoweka. Pete ya nne imepata kishimo kimoja cha duara, nami najua ni kidole kipi kilichokisababisha, kwa maana glavu ilikuwa imechanika.

Kwenye fimbo ya zamani, fungo moja limekubali tabaka jipya na limekuwa gumu. Kwenye la pili ukucha ulizama, hivyo jana nimelikata, nikalikwangua hadi kwenye ufito, na sasa nasubiri uzi wa rangi ile ile nilifunge upya.