Naomba ushauri: HSP70 kwenye ubongo wa panya baada ya degedege la muda mrefu

Habari zenu wakuu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili na nimekwama.

Panya tunawachoma sindano ya asidi ya kainiki, wanapata degedege mfululizo kwa zaidi ya saa moja, kisha tunalizima kwa diazepamu. Baada ya saa 24 tunatoa ubongo, tunakata vipande na kuvipaka kingamwili inayoshika HSP70 (protini ambayo seli hutengeneza zikipata msongo); ilipo, panatoka rangi ya kahawia.

CA3 na CA1, maeneo mawili ya hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu), zinatoka kahawia iliyokolea, hapo sina shida. Shida ni panya wa kulinganishia, waliochomwa sindano ya maji ya chumvi tu: nao wana ukahawia hafifu karibu kila seli ya neva. Nashuku kingamwili inashika pia HSC70, protini ndugu yake ambayo seli huwa nayo siku zote. Nimeizimua zaidi, nimeongeza muda wa kuosha, wapi! Kipande kisichopakwa kingamwili ya kwanza kinatoka cheupe kabisa. Joto la mwili tunalipima, maana joto kali peke yake huamsha protini hizi.

Kuna aliyepata kingamwili inayoshika HSP70 ya msongo pekee kwenye vipande, au niachane na protini nifuatilie mRNA yake (nakala ya jeni ambayo seli hutumia kuitengeneza)?

La pili: msimamizi anataka niandike kuwa seli zenye HSP70 zimejikinga. Mimi naona baadhi zimesinyaa, na sidhani kuwaka rangi ni ushahidi wa kupona. Nikipaka Fluoro-Jade (rangi inayoonyesha seli za neva zinazokufa) kwenye vipande vya jirani, saa 24 zinatosha au nisubiri 72?