Alama za darasani zisiamue nani aingie chuo kikuu

Juzi hapa Eastlands, Nairobi, tulibishana katika chumba cha walimu hadi kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Watoto wa gredi ya tisa sasa hupangiwa sekondari ya juu kwa mizani ya mafungu: mtihani wa KJSEA wa kumaliza gredi ya tisa asilimia 60, mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita 20, na alama za shuleni za gredi ya saba na ya nane 20. Wenzangu wanataka chuo kikuu kifuate mtindo huo. Kwa sasa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, inatazama KCSE tu, yaani mtihani wa mwisho wa sekondari: kwanza C+, kisha pointi za masomo saba na za yale manne yanayohitajika kwenye kozi.

Napinga, ingawa hoja yao, kwamba mtihani mmoja usifute kazi ya miaka, inaniuma. Nilimfundisha Kemia msichana ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kushuka chini ya A-. Babake alizikwa Jumamosi, Jumatatu akaketi kwenye karatasi ya kwanza. Alipata C.

Lakini hebu tazameni alama za shuleni zinavyopatikana. Mtoto wa ploti yetu aliagizwa na mwalimu wake kutengeneza kisanduku cha vitabu. Babake alimlipa fundi seremala, kikaja kimepigwa msasa na vanishi bado inanuka. Mwenzake, ambaye mamake anauza sukumawiki, alikata katoni za unga mwenyewe, akazibandika kwa uji, na kona moja ikapinda. Cha fundi ndicho kilichopata alama za juu. Mwalimu ana watoto sabini, atamhoji nani?

Msahihishaji wa KCSE anaona nambari. Hajui mzazi wa nani yuko kwenye bodi ya shule. Na hata mtihani huo unaolindwa na polisi uliwahi kutuaibisha: mwaka 2015 gredi za jumla za A zilikuwa zaidi ya 2,600, lakini mwaka uliofuata, baada ya mianya ya wizi kuzibwa, zikawa 141. Je, alama ninazoandika peke yangu saa mbili usiku zitalindwa na nani?

Huko Marekani, chuo kikuu cha MIT kiliacha kudai SAT, mtihani wa wanaoomba kuingia chuo, wakati wa korona, kikaurudisha 2022. Sababu yao moja ni kwamba mtihani huwasaidia kuwaona watoto wenye uwezo kutoka shule zisizo na masomo ya hali ya juu. Nikiwaza shule za mitaa yetu ya mabanda, Mukuru na Mathare, naielewa.

Yule msichana alihitaji kurudia karatasi zake baada ya miezi michache, bila kungoja Novemba nyingine. Lau alama zingetoka kwangu ningempa 95, kwa sababu nilimpenda. Na aliyekaa dawati la nyuma, ambaye sikumjua vizuri?

Walioingia gredi ya kumi Januari 2026 watamaliza 2028, na hapo ndipo swali hili la chuo kikuu litawafikia. Walimu wenzangu, shuleni kwenu kuna mtu wa nje anayekagua alama za miradi kabla hazijatumwa?