MJADALA: Gemu ya simu imfundishe mwanafunzi kumpulizia kichanga hewa?

Mkunga_Zamu: Wadau kuna programu inaitwa LIFE, ya watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford, mtoto kazaliwa halii, unachagua ufanye nini huku saa inakimbia. Sasa kuna chuo nakijua kinataka kupunguza masaa ya wodini kijazie na vitu kama hivi. Napinga. Nesi wa simu hajui hata kushika ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa.

BintiChuo: Nesi wa simu ndo nani?? Mwaka wa pili mimi, tuliingia leba tuko kumi na nane kwa mama mmoja, nikaambulia migongo ya wenzangu. Kwenye simu nimekosea weee na hakuna mtoto aliyekufa.

Tyuta_Mstaafu: Doli na simu msivichanganye jamani. Ile doli ya Helping Babies Breathe, mafunzo ya kumsaidia kichanga apumue, unaijaza maji inakuwa nzito kama kichanga, mask ikivuja kifua hakinyanyuki, kosa unalisikia mkononi. Simu unagusa tu kioo. Tanzania tulianza na doli 2009, hospitali nane zilizofuatiliwa vifo vya saa 24 za mwanzo vikashuka karibu nusu. Na hospitali ya Haydom semina ya siku moja haikubadilisha kitu leba, mpaka walipoweka mazoezi mafupi ya mara kwa mara.

BintiChuo: Doli letu limefungiwa kabatini ofisa kasafiri na ufunguo. Simu ninayo saa nane usiku.

Mama_K: Binti, kumi na nane? Mlimuuliza huyo mama? Mimi nilipojifungua mwanangu wa pili nilifumbua macho nimezungukwa na makoti meupe, pazia wazi, hakuna hata aliyenisalimia.

Mkunga_Zamu: Pole mama, ila na sisi tulijifunza hivyohivyo na leo tunawazalisha.

Mama_K: Hivyohivyo! Kwa hiyo na wajukuu zangu watazamwe hivyohivyo?

Mkunga_Zamu: Sijasema hivyo, nina miaka 22 leba usinitukane.

Tyuta_Mstaafu: Hakukutukana, kauliza pazia. Nilikuwa nawatoa wanafunzi nje, wanaingia watatu, mmoja anajitambulisha anaomba ruhusa, mama akikataa wanatoka.

Mama_K: Mimi ningekubali, mwalimu. Ningekubali kabisa, kama mtu angeniuliza.

BintiChuo: Samahani mama. Sisi hatukumuuliza.