Naomba ushauri: nataka kutoa injini ya Peugeot 504 ya marehemu baba hapa nyumbani

Mwana_wa_504:
Wasee salamu. Niko na 504 saluni ya babangu, alituacha mwaka juzi na gari imekaa hapa Kahawa West chini ya turubai. Mzee aliipenda hii gari sana, alikuwa anatuambia vile walisimama kando ya barabara Pasaka ya 1975 wakaona dereva Ove Andersson akipita na 504, na ndiye alishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka huo. Tangu siku hiyo akaapa atanunua Peugeot na akanunua kweli.

Sasa inawaka lakini ikishapata moto taa ya oili inawaka usipokanyaga mafuta, na inagonga chini, mlio mzito ule wa ndani kabisa. Sitaki kupeleka garagini juu mwaka jana niliacha mahali siku mbili nikarudishiwa na kabureta ingine. Nataka niitoe mwenyewe nipeleke injini peke yake kwa fundi wa krenki, ile shafti kuu ya ndani ya injini. Maswali: nianzie wapi, nitoe na giaboksi ama niiache, na hii mbao ya paa ya pale ninapoegesha inaweza kubeba chen bloku, ile mashine ya mnyororo ya kuinulia injini?

Spana13:
Hiyo mbao achana nayo kabisa. Injini ya chuma ya silinda nne haipungui kilo mia, na kwa 504 imelala upande, so ukiiinua inataka kujizungusha, hapo ndio mbao inavunjika na mtu ako chini. Kodisha krein ya magurudumu ya tani moja, uliza pale Kirinyaga Road, Grogan ya zamani, utapata.

Mzee_wa_Grogan:
Kijana wangu, pole kwa baba. Kabla ufungue kitu, umepima presha ya oili na geji? Taa peke yake inaweza kudanganya, pengine ni swichi imekufa. Na kama ingekuwa ni gasketi ya hedi hiyo inafanywa ikiwa ndani ya gari, hakuna haja ya kutoa injini.

Mwana_wa_504:
Nimepima mzee, nimeazima geji kwa jirani. Ikiwa baridi inasimama vizuri, ikipata moto inaanguka karibu na sufuri. Na huo mgongano unazidi nikikanyaga.

Mzee_wa_Grogan:
Basi hizo ni beringi, itoe. Usiiwashe tena hata mara moja, utakula krenki.

Sasa sikiza. Giaboksi iache. 504 haina propela shafti (ile ya kupeleka nguvu nyuma) ya wazi kama Toyota, iko ndani ya bomba refu limefungwa kutoka giaboksi mpaka difu, zile gia za eksili ya nyuma, ukitaka kutoa na giaboksi lazima uachanishe hiyo bomba na usukume eksili nyuma, kazi ya bure kwako. Weka jeki na kipande cha mbao chini ya giaboksi, fungua bolti za kengele ya klachi, lile ganda linaloshikanisha giaboksi na injini, vuta injini mbele mpaka shafti ya giaboksi itoke kwa klachi ndio uinue. Usiache injini ininginie kwa hiyo shafti, utakunja sahani ya klachi. Stata itoke kwanza juu imefungwa hapo hapo.

Na kitu wengi wanasahau: nati ya puli ya krenki ilegeze injini ikiwa bado kwa gari, gia imeingia na hendibreki imevutwa. Ikishatoka nje huna pa kuishikilia.

Dada_Fundi:
Mimi nilifanya 404 ya mjomba kwetu Ruai. Betri kwanza, ondoa hasi, juu waya mnene wa stata uko na moto saa zote hata ukizima swichi. Alafu petroli: ziba paipu ya tangi na bolti, na uambie majirani siku hiyo hakuna jiko la makaa karibu na hapo, usione haya kuwaambia.

Piga picha kila upande kabla ya kugusa. Kila waya bandika masking tepu uandike, wa joto, wa oili, wa alteneta, na kale kadogo ka feni ya sumaku usikakate. Kuna waya wa arthi kutoka injini hadi bodi, watu wanausahau wanainua gari nzima. Bolti mimi naweka kwa mikebe ya Kimbo, kila sehemu na mkebe wake, na za urefu tofauti natoboa kadibodi nachora umbo nazichomeka vile zilikuwa. Boneti chora alama kwa bawaba kabla ya kuitoa.

Spana13:
Nati za ekzosti zipake mafuta ya kufungua kutu kuanzia leo, asubuhi na jioni, siku tatu. Na oili chafu usimwage kwa mtaro, weka kwa mtungi, watu wa mbao wanachukua ya kupaka dhidi ya mchwa.

Mzee_wa_Grogan:
Ingine, hiyo injini iko na slivu za maji, yaani mabomba ya silinda yanayotoka na yanazungukwa na maji. Ukifika fundi akishatoa hedi, krenki isizungushwe kabla hajafunga slivu chini na washa na bolti, zikiinuka zile sili za chini zinavuja maji kwa oili. Simama hapo umwone akifanya.

Mwana_wa_504:
Asanteni sana, nimeandika yote. Jumamosi nimetoa boneti, radieta na betri, picha ziko. Nati tatu za ekzosti zimekubali, ya nne imekatika na kipande kimebaki ndani. Nitoboe sahii?

Mzee_wa_Grogan:
Iache. Ukitoboa ukiwa umeinama hapo ndani utaenda kombo uharibu hedi. Tenganisha tu, injini itoke nayo hivyo, atatoa fundi ikiwa mezani. Krein unakodisha lini?

Mwana_wa_504:
Jumamosi ijayo asubuhi, binamu wawili wanakuja kusaidia.

Dada_Fundi:
Mmoja kazi yake iwe kuangalia giaboksi pekee, asishike kitu kingine.