Wazee wa Kaloleni wakiona simu wanageuka vitabu: nifanyeje?

Mjukuu_Kaloleni (Kisumu)
Hamjambo wakuu. Hapa mtaani kuna wazee wanne watano waliofanya kazi reli na bandarini kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977. Baada ya Alasiri hukaa barazani kwa fundi cherehani, na hapo ndipo utasikia mambo: meli ya MV Uhuru ilivyokuwa ikimeza mabehewa mazimamazima, nani alichochea makaa akiwa na homa, nani alirudi kutoka Kampala na redio ambayo hakuna aliyejua ameilipia vipi. Nikaona haya yasipotee. Nikaweka simu mezani, nikasema, "Mzee, tupe historia ya Kisumu." Lo! Yule aliyetuvunja mbavu jana akakaa wima, akakohoa: "Reli ilifika hapa mwaka 1901, na mji ukiitwa Port Florence..." Hayo si yako kwenye vitabu vya shule?

Halafu kuna bibi mmoja. Nilipotaja 1969 na siku ya kufungua hospitali ya Russia, akasema, "Zima hicho kidude kwanza, mjukuu wangu." Nikazima, akasimulia mpaka magharibi. Sasa niandike au niache?

Mwalimu_Mstaafu (Nakuru)
Mjukuu, simu haina neno. Swali ndilo linalowatisha. Ukitaja "historia" mzee anadhani umekuja kumtahini. Mimi huuliza mshahara wa kwanza ulinunua nini, basi. Atakutajia duka, mwenye duka, rangi ya shati, na ni nani aliyemkopa zile zilizobaki akaingia mitini.

Au mwambie aje na kitu. Babu mmoja huku Bondeni, aliyekuwa gadi wa treni, alileta kikombe chake cha bati cha safarini. Kimebonyea kila upande, na kila pahali palipobonyea pana stesheni yake: hapa Londiani, breki zilipofungwa ghafla, hapa Muhoroni, alipomrushia mbwa. Alikizungushazungusha mkononi akisimulia, wala hakuikumbuka simu tena. (Ikunjie kanga chini yake, la sivyo kila akigonga meza utasikia radi.)

Tena wakalishe wawili waliofanya zamu moja, wabishane. Mmoja atasema ziwa lilifurika mwaka wa Uhuru, mwenzake atasema ni kabla. Usiwaamulie. Mvua zile zilianza mwishoni mwa 1961, na maji yakapanda zaidi ya mita 2 hadi 1964, kwa hiyo kila mmoja huenda alihamishwa na maji mwaka wake. Lakini mzee wa miaka 78 akikuambia alivaa kipande shingoni, kile kitambulisho cha lazima cha wakoloni, hapo tulia. Sheria ile ilibadilishwa 1947. Hiyo ni habari ya babake aliyoisikia mpaka ikawa yake. Irekodi, ila iandike hivyo.

Nyar_Kibuye
Samahani mwalimu, mbona wote ni wa barazani? Wanawake waliouza samaki soko la Kibuye miaka hiyo hawana nafasi ya kukaa kwa fundi cherehani. Nenda siku ya chama chao cha akina mama, kaa pembeni, saidia kuchambua mboga. Mimi mamangu mkwe aliniambia jinsi walivyolala sokoni na omena wakilinda zamu huku nikimshikia sufuria. Ningekuja na daftari ningeambulia "tulikuwa tunauza, Mungu akatusaidia."

Kuhusu bibi: alikuambia wewe, hakuuambia mtandao. Siku ile watu walipigwa risasi mjini huku, na wapo ambao mpaka leo hawajawasimulia hata watoto wao. Rudi mikono mitupu, umsomee ulichokumbuka, akate, aongeze. Akisema jina lisitokee, lisitokee. Akisema subiri nife kwanza, subiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa, lakini kwa bibi yako unangoja sheria ikufundishe?

Mjukuu_Kaloleni
Shukran sana. Kwa bibi nitarudi Ijumaa, bila simu. Moja tu limebaki: mzee mmoja asili yake Kibos, na stori ikifika panapochoma anahamia Kinubi, lugha ya kwao. Nimrudishe kwenye Kiswahili?

Mwalimu_Mstaafu
Thubutu! Acha atiririke, rekodi vivyo hivyo. Kisha mtafute binti yake akae nawe, asikilize na kukueleza. Utashangaa: naye ataanza kukusahihishia babake, na hapo uwe na nafasi ya kutosha kwenye simu.